Storm ni wa Kenya gani?

Kuna mtihani nimeutunga wa kupima toleo la kwanza la komiki. Nauita mtihani wa 46. Unapanda mathree ya Kawangware ukiwa tao, unakaa mbali na dirisha (simu yako bado unaipenda), halafu unafungua namba moja ya shujaa yeyote. Ukishuka Kawangware unajua huyu mtu ni nani, anataka nini, na kwa nini utafute namba mbili, limepita. Kama imebidi umpigie mtu simu akueleze, limeanguka.

Shida ni kwamba mimi siwezi kuufanya tena. Nimesoma hizi vitu tangu shule ya msingi, nikianza na kopi zimechanika kutoka inama bookshop, wale wauza vitabu wa kando ya barabara ambao unachagua ukiwa umeinama. Mtu kama mimi anaelewa kila kitu, so hafai kuwa mtahini. Nikamtuma sistangu. Yuko Form Two, hajawahi kusoma komiki hata moja, na haogopi kuniambia kitu ni mbaya.

Kabla hujasema nimelipwa: hapana. Toleo moja la kidijitali ni kati ya dola 4 na 6. Kwa shilingi 130 hivi kwa dola, hiyo ni 520 hadi 780. Kwangu ni nauli ya wiki. Kwa hivyo nikisema namba moja lazima ieleweke, si maringo ya msomaji mkongwe. Mtu akitoa nauli ya wiki halafu aachwe nje ya hadithi, harudi. Na mimi simlaumu.

(Siri chache za hadithi ziko hapo chini. Umeonywa.)

Ultimate Spider-Man, Januari 2024. Mwandishi ni Jonathan Hickman, mchoraji Marco Checchetto. Huyu Peter Parker hakuumwa na buibui akiwa kijana wa shule. Kuna mtu aliiba hiyo siku. Sasa ni mtu mzima, ana bibi, watoto wawili na kazi ya gazeti, pamoja na ile hisia kwamba kuna maisha yalikuwa yake yakampita. Uncle Ben yuko hai, aliyekufa ni Aunt May. Na kwa toleo zima, kuruka juu ya maghorofa ni kama hakuna.

Niliogopa ataboeka. Tulipopita Hurlingham akaniambia, "Huyu ni uncle wa Uthiru kabisa. Hadi ndevu." Limepita. Mtu wa miaka 15 ameelewa huzuni ya mwanaume wa makamo bila mimi kufungua mdomo.

Absolute Batman, Oktoba 2024. Scott Snyder ameandika, Nick Dragotta amechora. Bruce Wayne hana pesa. Babake alikuwa mwalimu, mamake yuko hai, yeye mwenyewe ni injinia. Hakuna jumba la kifahari, na Alfred si mtumishi wa kumletea chai. Ni jasusi anayemfuatilia. Ile popo ya kifuani inatoka na kuwa shoka.

Nitasema kitu kitaniletea vita: hii ndiyo Batman ya kwanza nimeweza kumpatia mtu wa kwetu bila aibu. Miaka yote nimejaribu kumweleza jirani wa ploti kwa nini ahurumie bilionea anayetoka usiku kuvunja mifupa ya maskini. Haiendi. Mtoa pesa ukamwachia hasira, na ghafla kila mtu Kawangware anamjua. Sistangu alimaliza kabla ya Yaya, akarudia kurasa za mapigano mara mbili. Limepita kwa A.

Storm, pia Oktoba 2024. Hapa ndipo moyo wangu ulikuwa. Mwandishi ni Murewa Ayodele, kutoka Nigeria, na michoro ni ya Lucas Werneck, Mbrazili anayechora mawingu mpaka unataka kuvaa sweta. Mwafrika kupewa Storm aandike, hiyo si kitu ndogo. Tena nilikuwa nimempigia debe nyumbani: "Huyu ni wetu. Mamake ni Mkenya."

Hadithi iko Marekani. Storm ana makao yake Atlanta. Kituo cha nyuklia kinalipuka Oklahoma City, anaenda kuokoa watu, anagundua chanzo ni mtoto ambaye nguvu zake zimemtoka bila kutaka. Aseme ukweli, watu wazidi kuwachukia mutanti, au afiche? Anasema ukweli. Mimi niliipenda sana. Ni swali la maana na halijibiwi kwa ngumi.

Sistangu aliniuliza maswali manne kabla hata hatujamaliza Valley Road. Kwa nini watu wanaogopa mutanti? Hawa wengine wote ni kina nani? Walikuwa wapi kabla? Jaribu kumweleza mtu kwamba juzi tu huyu mama alikuwa anatawala Mars, huku konda anakugonga bega anataka pesa. Limeanguka. Na naelewa sababu: zile mbili zimeanza dunia mpya kabisa, lakini hii imebadilisha namba ya juu tu. Story ni ile ya zamani ikiendelea. Hiyo ni sawa kwangu. Kwake ni kuingia sinema saa moja baada ya kuanza.

Lakini swali la mwisho ndilo lilinimaliza. "Si ulisema ni Mkenya? Mkenya wa wapi?"

Nikafungua mdomo, nikakosa jibu.

Storm alianza 1975, kwenye Giant-Size X-Men namba 1 ya Len Wein na Dave Cockrum. Profesa Xavier anamkuta Kenya, wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua. Baadaye tukaambiwa alizaliwa New York, akalelewa Cairo, mama Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba mpiga picha Mmarekani. Sasa fikiria: 1975, KICC ilikuwa imesimama hapa tao tayari. Kulikuwa na mabasi, vyuo, magazeti, watu wakikimbilia kazi. Kenya ya Storm ilikuwa ukame na watu wamepiga magoti. Tangu hapo amepewa namba moja yake mwenyewe zaidi ya mara tatu. Yeye anaanzishwa upya kila baada ya muda. Ile Kenya inayokumbukwa naye imebaki kijiji kile kile bila jina.

Na mwaka huo wa 2024 ndio unaniuma. Kabla ya namba moja yake kutoka, mvua ya Aprili na Mei iliua zaidi ya watu 200 nchini. Kwetu maji yaliingia usiku. Tuliinua godoro juu ya meza, halafu sistangu juu ya godoro, akiwa amekumbatia begi ya shule. Miaka michache kabla, kaskazini walikuwa wamekosa mvua misimu mitano mfululizo. Hakuna nchi ina kazi nyingi kwa mtu wa kuamuru mawingu kuliko hii. Na shujaa wetu alikuwa Oklahoma.

Mtu ataniambia waandishi wa huko hawawezi kujua mambo ya hapa. Pengine. Lakini namba moja inaweza kuanzia Nairobi, tumeshaona. Shujaaz ilitoka 2010, kwa Sheng, bure, ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa. Boyie hakuwa na nguvu zozote, alikuwa na redio yake ya siri chumbani tu, na hakuna mtu aliuliza ni Mkenya wa wapi. Mwaka wa 2012 ikachukua International Emmy. Tatizo si kwamba sisi hatuchoreki.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Wakimrudisha Storm tena kwa namba moja, na watamrudisha, waanze kweli. Anyeshewe hapa. Asimame kwa daraja mto ukiwa umepanda, ajue akiisukuma mvua kutoka Nairobi itaangukia mtu mwingine mahali pengine. Hapo kuna hadithi ya miaka kumi.

Nilimuuliza sistangu yeye angeanzia wapi. Hakufikiria hata.

"Angeanza na kuuliza nani aliruhusu ghorofa zijengwe juu ya mto."

Hiyo ningenunua, hata kama ni nauli ya wiki. Wewe ungeanzia wapi?