Koti Likibana

Mama ni wa Tanga, baba ni wa Wete. Kwa hiyo kila ninapouliza kama Zanzibar ina haki ya kujitoa kwenye Muungano, watu hudhani nataka kuwaachanisha wazazi wangu. Sitaki. Nikipewa karatasi ya kura kesho, nitachagua kubaki. Lakini nataka nipewe.

Mwaka 1964 hatukuulizwa. Nyerere na Karume walitia saini Aprili 22, siku nne baadaye tukawa nchi moja. Hapakuwa na kura ya maoni, Bara wala Visiwani. Hati yenyewe haisemi lolote juu ya kuvunja. Mzee Karume ananukuliwa hadi leo akiufananisha Muungano na koti: likikubana, unalivua. Leo anayetaja kulivua huitwa msaliti.

Msaliti wa nini? Katiba ya 1977, katika Nyongeza ya Pili, inaliweka suala la kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano miongoni mwa mambo yanayoweza kubadilishwa, kwa theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Mlango upo. Kasoro ni kwamba una funguo mbili, na mmoja uko mfukoni mwa jirani: hata Wazanzibari wote wakitaka kutoka, Bara ikikataa hawatoki. Tena funguo zote wanazo wabunge, si wananchi.

Nasikia hoja: ukimruhusu mmoja, kesho kila mkoa utadai. La. Mikoa haikuingia kwa mkataba. Zanzibar iliingia ikiwa dola, yenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Wala sisemi iondoke usiku kwa amri ya mtu mmoja. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kuhusu Quebec: haiwezi kujitoa peke yake tu, lakini wengi wakisema kwa kura iliyo wazi, wenzao wana wajibu wa kujadiliana nao. Huo ndio uungwana.

Nyerere mwenyewe aliitambua Biafra mwaka 1968, akisema umoja hujengwa kwa ridhaa. Kama ridhaa ya Waigbo ilihitajika, yetu imesamehewa lini?

Wazazi wangu wana zaidi ya miaka thelathini ya ndoa. Siku mama alipokwenda kwao Tanga kwa hasira, baba hakumwekea polisi bandarini. Alimfuata, wakazungumza, akarudi.