Kengele za uongo za kompyuta na malipo ya mkulima wa miwa

WAKULIMA wa miwa wa Ruhembe, Kidodi na maeneo mengine ya Mikumi, wilayani Kilosa, hulipwa kwa uzito wa miwa na kipimo cha utamu wake. Kati ya mizani ya kiwanda na fedha mkononi mwa mkulima ipo kompyuta ya chama chao, na kwa chama kidogo huenda ikawa hiyo hiyo moja.

Chukulia kwamba usiku Windows ya mashine hiyo imejiboresha yenyewe. Asubuhi karani anaiwasha, programu ya kusaka majasusi inapekua, kisha inatoa maandishi mekundu: vitisho 140 vimeonekana. Karani anashtuka, anabofya "futa vyote".

Mashine ikizimwa haiwaki tena. Fundi anaitwa, anasema virusi vimeila, anapiga Windows upya. Orodha ya wanachama, tani zao na makato ya pembejeo vyote vimekwenda.

Lawama zote huangukia virusi, na inawezekana kabisa havikuwapo.

Programu ya kinga hulinganisha faili za kwenye kompyuta na orodha ya alama za wahalifu wanaojulikana. Nyingine hukisia pia kwa mwenendo: faili inayogusa sehemu nyeti za mashine hushukiwa. Windows inapoboreshwa, faili zake nyingi hubadilika kwa mkupuo. Kama orodha ya programu ya kinga ni ya zamani, au imeandikwa kwa pupa, mwenye nyumba aliyebadili shati hukamatwa kama mwizi.

Yamewakuta wakubwa. Mei 2007 programu ya Symantec ilizidhania faili mbili halali za Windows XP ya Kichina kuwa za wahalifu, na kompyuta nyingi za China zikagoma kuwaka. Novemba 2008 AVG ilifanya kosa la aina hiyo hiyo. Aprili 21, 2010 ikawa zamu ya McAfee: iliishambulia faili muhimu ya Windows XP, mashine zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo, hata katika hospitali za Marekani. Septemba 2022 kinga ya Microsoft yenyewe ilipiga kelele kila watu walipofungua programu za kawaida kama Chrome.

Halafu kuna suala la idadi. Programu nyingi za kusaka majasusi zilihesabu hata kuki, yaani vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye mashine, kuwa "vitisho". Kuki hubeba kumbukumbu za tovuti alizotembelea mtu. Hazila hesabu za chama. Lakini 140 inatisha kuliko 2, na hofu huuza. Desemba 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani watu waliouza kinga bandia kwa zaidi ya wateja milioni moja, kwa kuwaonyesha majasusi wasiokuwapo.

Kiuchumi, kengele ya uongo ina hasara mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kufuta kilicho chema. Ya pili wanaijua wanaolinda mashamba jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi: mlinzi anayepiga debe kwa kila jani linalotikisika, siku tembo wakija kweli hakuna atakayetoka kitandani. Karani aliyedanganywa mara tano huizima kinga yote, na hapo jasusi halisi wa kuiba nywila za benki hupita mchana kweupe.

Kwa hiyo chama kikipata fedha kidogo, kisikimbilie kununua kinga ya pili. Kinga mbili kwenye mashine moja huweza hata kushukiana. Fedha hiyo inunue flashi mbili, hesabu zinakiliwe kila Ijumaa, na moja ilale nje ya ofisi.

Kengele ikilia baada ya Windows kuboreshwa, karani aanze kwa kupata orodha mpya ya programu ya kinga, kisha apekue tena. Kinachobaki akiweke karantini, si kukifuta, maana kilichoko karantini hurudishwa. Faili yenye shaka, isiyo na siri za wanachama, yaweza kupimwa bure katika tovuti ya VirusTotal, inayotumia programu nyingi za kinga kwa pamoja.

Fundi naye aulizwe jina la faili kabla hajapiga Windows. Mafundi wengi ni waaminifu, ila malipo yao hutokana na kupiga Windows, si kwa kusema mashine ni nzima.

Jambo hili halisubiri. Microsoft iliacha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na ofisi zinazohamia toleo jipya zikiwa na kinga ya zamani zitegemee maandishi mekundu. Wakati wa kuhama ni masika, kiwanda kinapokuwa kimefungwa. Miwa ikishachomwa na kukatwa, utamu wake hupungua kila siku inayopita, na haungoji ratiba ya uvunaji itafutwe kwenye mashine isiyowaka.