Mwaka wa Kitabu si Pambo

Wako watu wasemao kwamba mwandishi akitajwa jina lake na jina la kitabu chake, imetosha. Toleo na mwaka ni mapambo ya wataalamu. Nayakataa maneno hayo, na kwa kuwa husemwa hata na sisi walimu, nayakataa kwa sauti kubwa.

Kitabu si jiwe. Mtungaji aliye hai huweza kukirudia kitabu chake, akafuta hapa, akaongeza pale. Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, akaendelea kukirekebisha mpaka toleo la sita la mwaka 1872. Maneno mashuhuri ya kusalia kwa wafaao zaidi, aliyoyabuni Herbert Spencer mwaka 1864, hayamo katika toleo la kwanza. Darwin aliyatia katika toleo la tano, mwaka 1869. Basi aandikaye kwamba Darwin aliyasema mwaka 1859 amemsingizia, hata kama kitabu alikuwa nacho mkononi.

Wala mfano si wa ng'ambo tu. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, ilitoka mwaka 1967 kwa jina la James Ngugi. Mwaka 1986 likatoka toleo alilolirekebisha mwenyewe. Wanafunzi wawili, kila mmoja na toleo lake, waweza kuitana waongo juu ya sentensi moja, na wote wawili wakawa wakweli. Kosa li wapi? Li kwa yule aliyenukuu asiseme alikosoma.

Mwingine atajitetea: "Mwaka nimeuandika." Mwaka upi? Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu huweza kuwapo miaka mingi. Chapa mpya kwa kawaida ni maneno yale yale yaliyopigwa tena mtamboni; toleo jipya ni maneno yaliyoguswa na kalamu. Andika toleo ulilolishika wewe, na mwaka wake, si lile ulilosikia likisifiwa.

Kunukuu ni kutoa ushahidi, na shahidi huulizwa: uliona wapi? Asiyeweza kujibu hana ushahidi, ana uvumi. Dakika moja yatosha kufunua ukurasa ule na kuandika. Asiyekuwa na dakika hiyo kwa ajili ya ukweli, asituombe tumwamini katika kurasa zinazofuata.