Makao ya Wazee na Watoto Yawe na Daftari la Maji na Umeme

Maji ya bombani mjini Shinyanga hutoka mbali. Huchotwa Ziwa Victoria pale Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa, kisha pampu za umeme huyapandisha hadi kilima cha Mabale kabla ya kuteremka kuelekea Shinyanga na Kahama. Tangu mradi huo ulio chini ya mamlaka ya maji ya KASHWASA uzinduliwe mwaka 2009, mji uliokuwa ukitegemea bwawa la Ning'hwa umepata nafuu kubwa. Lakini kila ndoo inayofika jikoni imekwisha kula umeme njiani, na anayemwaga maji Shinyanga amemwaga na umeme. Ndiyo maana naona wakati umefika kwa makao ya wazee ya Kolandoto, kituo cha Buhangija kilichowahifadhi mamia ya watoto wenye ualbino waliokimbia mauaji, na vituo vya kulelea yatima mkoani Geita, kupima matumizi ya maji na umeme jengo kwa jengo na kuyaandika kila siku.

Katika nyumba ya kawaida, anayetumia ndiye anayelipa, hivyo bili ikipanda atatafuta chanzo. Kwenye makao, mtumiaji ni bibi asiyeona vizuri au mtoto wa darasa la pili, na mlipaji ni wizara, halmashauri, shirika la dini au mfadhili aliye mbali. Mita ya umeme ya LUKU humwonyesha msimamizi uniti zilizobaki, lakini haimwambii ni bweni lipi lililozila. Bili ya maji nayo huja mwisho wa mwezi, hasara imeshatokea. Tanki la choo linalovuja lita moja tu kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Kwa siku 30 ni zaidi ya uniti 43 za maji. Taa kumi za zamani za wati 60 zikiwaka saa 12 za usiku hula uniti 7.2 za umeme, ilhali kumi za LED za wati 9 hula uniti moja na kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayopotea hapa ni fedha za unga, dawa na sabuni za watu wasio na pengine pa kwenda.

Wapo watakaohofu kwamba kupima ni mlango wa kubana: leo tunaandika, kesho mzee ataambiwa asioge. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake liwe kanuni ya wazi kwamba kinachotafutwa ni uvujaji, si kumbana mkazi. Daftari likisomwa vizuri humlinda mkazi, kwa sababu bweni ambalo matumizi yake yameshuka ghafla huenda lina bomba lililokauka au watoto wanaolala gizani. Kwa Buhangija, taa za usiku ni ulinzi wa maisha. Anayejua zinakula uniti ngapi ndiye anayeweza kuzitengea fedha zisizimike.

Wengine watasema fedha hakuna. Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Dira ya maji isomwe saa 4 usiku wakazi wanapolala, isomwe tena saa 11 alfajiri; namba zikiwa zimesogea sana ilhali hakuna aliyefungua koki, fundi aitwe asubuhi hiyo hiyo. Hatua ya pili, mita ndogo kwa kila jengo, ina gharama, lakini Geita ina njia: Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na serikali za mitaa. Madarasa na zahanati huonekana kwenye uzinduzi. Mita haionekani, lakini huokoa kila siku bila kelele.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri, maafisa ustawi wa jamii na mamlaka za maji za Shinyanga na Geita waanze mwezi huu na daftari moja, kalamu moja na mlezi mmoja aliyepewa kazi hiyo. Na msomaji utakapopeleka msaada kwenye kituo, pamoja na mchele na mafuta, omba kuliona daftari hilo.