Binti wa Mwinyi na Wachukuzi wa Vikapu

Ziko riwaya zinazosifiwa kwa kuwa zimemtanguliza mwanamke, na sifa hiyo ikafunika maswali mengine yote. Mojawapo ni The Collector's Daughter ya Gill Paul, iliyotoka mwaka 2021. Mhusika wake mkuu ni Lady Evelyn Herbert, binti wa mwinyi wa Kiingereza, Lord Carnarvon. Alikuwapo na babaye pamoja na Howard Carter mwezi wa Novemba 1922, kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa katika Bonde la Wafalme.

Hatukatai kwamba bibi huyo anastahili kuandikiwa riwaya. Tunalolikataa ni kusifiwa kuwa wa kwanza kuingia kaburini, ilhali njia alisafishiwa na wengine. Tangu mwaka 1917, Wamisri walichukua kifusi kwa vikapu, msimu baada ya msimu, hata tarehe 4 Novemba 1922 ngazi ya kwanza ikadhihiri. Carter mwenyewe, katika kitabu chake, aliwashukuru manyapara wake kwa majina: Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Je, ni wapenzi wangapi wa riwaya hizi wanaoyajua majina hayo?

Tutaambiwa kuwa Mmisri yumo: msomi ajaye miaka 50 baadaye kuuliza yaliyojiri kaburini. Naam, yumo, lakini amekuja kama tishio kwa raha ya bibi. Swali la mwenye mali limefanywa kuwa bughudha kwa mgeni! Na swali lenyewe si la kubuni. Mwaka 2010 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilikubali kuirudishia Misri vitu 19 vilivyotoka katika kaburi hilo.

Sisi wapenzi wa ushairi tunalo la kukumbuka. Ahmed Shawqi, aliyetawazwa Amiri wa Washairi mwaka 1927, alimtungia Tutankhamun kasida. Kwake yeye, mfalme huyo alikuwa babu aliyefufuka kuwatazama wajukuu wake. Hakuhitaji binti wa kasri amshike mkono ndipo aingie kaburini.

Basi na iandikwe riwaya nyingine, ianze alfajiri, kwa mtu aliyeinama kujaza kikapu. Binti wa mwinyi naye na awemo, ila asimame nyuma, angoje zamu yake.