Bei ya Sura ya Mungu

Mwanzoni mwa mwaka 1889, huko Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, watu wapatao 1,400 walipewa karatasi. Karatasi hiyo ilisema kwamba tangu siku ile hakuna mtu awaye yote awezaye kumdai mwenye kuishika kuwa ni mali yake. Walikuwa watumwa watoro, waliokimbia mashamba ya pwani wakatafuta kivuli cha misheni. Aliyewapatia uhuru huo ni George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa, na njia aliyoitumia ilikuwa njia ya biashara: mabwana zao walilipwa fedha kwa hesabu ya vichwa.

Watu walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Lakini msomaji akitazama vizuri ataona kwamba siku ile swali moja kubwa la dini lilijibiwa kwa mfuko wa fedha, baada ya mimbari kushindwa kulijibu kwa miaka mingi.

Krapf na Rebmann walikuwa wamefanya makao Rabai tangu mwaka 1846. Katika mafundisho ya kwanza apewayo mwanafunzi wa Ukristo, hapakosi habari za kuumbwa kwa mtu: kwamba Mungu alimwumba mume na mke, akawapa sura yake mwenyewe. Ni fundisho jepesi kutamka, na mtoto hulikariri kwa asubuhi moja. Taabu yake yaja baadaye. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Basi mtoro aliyefika Rabai alikuwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Kwa Kitabu alikuwa sura ya Mungu, na kwa sheria ya pwani alikuwa kama mbuzi aliyepotea zizini, ambaye mwenyewe ana haki ya kumfuata. Nao wamisionari walikuwa wamekubali, ili kulinda amani, wasiwapokee watoro. Jumapili mhubiri alifundisha jambo moja, na Jumatatu mwenye shamba aliweza kubisha hodi akitaka jambo la pili.

Aliyelitunza kanisa la Rabai katika miaka hiyo ya mashaka alikuwa William Jones, Mwafrika, asili yake Myao. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto. Baada ya kuokolewa alifikishwa India akasomeshwa na misheni, na katika miaka ya 1860 akarudi upande huu wa bahari kufanya kazi ya Injili. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimtia katika daraja ya ushemasi, na mwaka huo huo wakasafiri pamoja kwenda Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya watu na kusema kwamba kila mtu ana sura ya Mungu, wasikilizaji walijua kwamba msemaji mwenyewe aliwahi kutajiwa bei. Haishangazi basi kwamba watoro walizidi kuongezeka chini ya uangalizi wake, na kwamba makubaliano ya wakubwa hayakumfanya awafukuze. Mwaka 1888 William Salter Price, aliyekuwa mwanzilishi wa Freretown, alirudi kutoka Uingereza akakuta jambo limekwisha kuwa kubwa, na mabwana wa pwani wamekasirika mno.

Hapa yafaa kulitazama neno lenyewe. Zamani za kale jina la kuwa mfano wa mungu lilikuwa heshima ya wafalme peke yao. Jina la Tutankhamun, mfalme wa Misri, maana yake ni sura hai ya Amuni, aliyekuwa mungu wao mkuu. Wala hapana mchunga ng'ombe wa Misri aliyethubutu kuitwa hivyo. Kitabu cha Mwanzo kiliichukua heshima hiyo ya kiti cha enzi kikampa kila mwenye pumzi ya binadamu, mwanamke kwa mwanamume, bila kutaja kabila wala mali. Kiswahili kimetia maneno mawili hapo, mfano na sura. Na sura kwetu si umbo tu, bali ni uso hasa, kile ambacho mtu humtambua nacho mwenziwe njiani. Tena lugha hii ina ajabu nyingine ambayo wahubiri wachache huitumia: mtume na mtumwa ni maneno ya shina moja, yote mawili yatoka katika kutuma. Tofauti yao ni aliyetuma.

Aliyelichukua fundisho hili akalifikisha mwisho wake alikuwa Gregorio, Askofu wa Nyssa, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki. Yapata mwaka 380 alikuwa akieleza kitabu cha Mhubiri mbele ya watu wake, akafika mahali ambapo mfalme ajisifu kwa kununua watumwa wanaume na wanawake. Mhubiri mwingine angalipita upesi. Gregorio alisimama hapo hapo akaanza kudai hesabu, kama karani aliyeletewa stakabadhi yenye kasoro. Aliuliza ni sarafu ngapi zilizowekwa upande wa pili wa mizani kuwa sawa na sura ya Mungu. Akaendelea kusema kwamba mtu alipewa na Mungu mamlaka juu ya dunia nzima. Basi anunuaye mtu amenunua na milki yake yote, na itampasa kulipa thamani ya nchi, bahari na vyote vilivyomo. Ni nani mwenye fedha hizo? Kisha akaigeukia hati ya mauzo, ile karatasi ndogo iliyomdanganya mnunuzi hata akajiona ni bwana wa mtu aliye sawa naye, mwenye kuvuta hewa ile ile, kuugua maradhi yale yale, na kurudi mavumbini vile vile.

Waliomsikiliza si watu wa mbali. Walikuwa wenye mashamba na nyumba kubwa, na katika jamaa ya Gregorio mwenyewe kulikuwa na watumwa, ingawa dada yake Makrina alimshawishi mama yao akae na wajakazi wake kama walio sawa. Huo ndio ushujaa wa mahubiri yale. Ni rahisi kumwambia mtumwa kwamba ana sura ya Mungu, kwa kuwa hana la kupoteza. Ni vigumu kumwambia habari hiyo yule aliyemnunua, akiwa amekaa katika kiti cha mbele.

Wala haifai kuficha kwamba walio wengi baada yake hawakumfuata. Kwa karne nyingi makanisa na nyumba za watawa zilimiliki watumwa, na wahubiri wa bara la Amerika walitumia laana ya Kanaani kuhalalisha minyororo ya Mwafrika. Walikisoma kitabu kile kile cha Mwanzo, lakini waliruka kurasa za mbele.

Turudi Rabai. Kwa hesabu ya Gregorio, Mackenzie alikosea, maana alikubali kwamba mtu ana bei na kwamba bei hiyo ni deni la haki kwa aliyemshika. Kampuni ilikuwa imepata hati yake ya kifalme mwezi wa Septemba 1888. Ilitaka utulivu pwani, ikaununua. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu kwa ukali. Mama aliyeipokea karatasi yake siku ile hakuwa na nafasi ya kungoja mpaka wenye mashamba waongoke. Alitaka kulima kipande chake na kulala usiku bila kusikiza nyayo. Pengine kosa si la aliyelipa, bali ni la wale ambao kwa muda mrefu walihubiri sura ya Mungu kwa namna ambayo mwenye watumwa aliweza kuisikiliza bila kuona kwamba yeye ndiye anayetajwa.

Mwaka 1907 hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya. Maofisa wa Serikali waliketi na madaftari yao, wakapokea madai, wakapima thamani ya kila mtu aliyeachiliwa, wakalipa fidia. Fidia hiyo nayo ilikwenda kwa mabwana.