MAARIFA YA UFUNDI: Pikipiki ya Zamani Isiyotaka Kutulia

Huko Shelly Beach, upande wa kusini wa kivuko cha Likoni, upepo wa bahari huleta ubaridi, na pamoja na ubaridi huo huleta chumvi na mchanga. Mwenye kutunza pikipiki ya zamani mahali kama hapo hana budi kuikumbuka chumvi hiyo. Iwe ni BSA M20, iliyotumiwa na jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, au BSA Bantam, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, chumvi haichagui. Hula waya, hula madini ya kabureta, na kidogo kidogo hubadili tabia ya injini.

Dalili moja ya mabadiliko hayo ni injini kuendelea kunguruma kwa kasi hali dereva amekwisha kuuachilia mkono wa mafuta. Jambo hili si la kudharauliwa. Katika mteremko wa kushukia feri, ambapo watoto, mikokoteni na wachukuzi wa mizigo hupita bega kwa bega, pikipiki isukumayo mbele wakati dereva ataka isimame ni hatari kwa roho za watu.

Watu wengi waonapo hivyo hukimbilia bisibisi, wakailegeza skurubu ya kabureta inayozuia kizibo cha mafuta kisishuke mpaka chini. Injini hutulia kidogo, nao hufurahi. Lakini furaha hiyo ni ya bure. Skurubu ile ikilegea kwa mtikisiko, kasi ya injini hupungua, haizidi. Basi ikiwa jana injini ilitulia na leo haitulii, wala hakuna aliyeigusa skurubu, sababu iko mahali pengine, na yafaa itafutwe kwa utaratibu.

Kwanza, utazamwe waya wa mafuta. Gia ikiwa huru na injini inanguruma, usukani na uzungushwe kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Kasi ikipanda, waya umekazwa mno, au umepitishwa vibaya, au umeshika kutu ndani ya mfuko wake. Waya ulio sawa huwa na ulegevu kidogo kwenye mkono kabla ya kuanza kuvuta.

Pili, kijaribiwe kizibo chenyewe. Injini ikiwa imezimwa, mkono wa mafuta ufunguliwe na kuachiliwa ghafula. Kizibo kikishuka vema, husikika kikigota chini. Kikisita, na kitolewe, kioshwe kwa petroli mbali na moto na sigara, kikaguliwe kama kina mchanga, ukungu mweupe wa chumvi au mikwaruzo. Kizibo kilicholika sana hupitisha hewa pembeni, na dawa yake ni kukibadili.

Tatu, kikaguliwe kiungo kati ya kabureta na silinda. Hapa ndipo penye hatari kubwa, wala haionekani kwa macho. Injini ikinguruma, kiungo na kipakwe oili nzito kidogo kwa brashi. Kasi ikibadilika, hewa inaingia hapo. Petroli isitumiwe kamwe katika jaribio hili, maana injini ya moto yaweza kuiwasha. Katika M20, mara nyingi kosa ni la mtu aliyezikaza nati mbili za kabureta kwa nguvu nyingi mpaka uso wake ukapinda. Uso huo na usuguliwe taratibu juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo hadi unyooke, iwekwe gasketi mpya, kisha nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo.

Kwa nini hewa hiyo iogopwe? Kwa sababu hewa ikizidi na petroli ikapungua, injini huchemka kupita kiasi, na pistoni yaweza kuharibika. Kwa Bantam hatari huzidi, maana oili yake huja pamoja na petroli. Petroli ikipungua, na oili hupungua. Aliyetuliza kelele kwa bisibisi ameficha dalili na kuuacha ugonjwa.

Nne, mwenye M20 asisahau kile kipini cha usukanini cha kuwahisha na kuchelewesha moto wa magneto. Kikiachwa mbele kabisa pikipiki ikiwa imesimama, nacho huongeza kasi.

Mambo hayo manne yakiwa sawa, ndipo skurubu iguswe, injini ikiwa imekwisha kupata moto wake wa kawaida. Na kwa wakaao karibu na bahari, kuutia waya oili na kuipangusa kabureta mara kwa mara si kazi ya kupoteza wakati. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kabureta, ingawa ni mwembamba kama unywele, watosha kuiua injini nzima.